Eti mama afanye mazoezi: maswali ambayo utafiti wa sukari ungeanza nayo hapa Goma

Kila mtu wa Goma mwenye ugonjwa wa sukari ameshaambiwa afanye mazoezi. Ameambiwa na dokta, ameambiwa na enfirmie, yaani muuguzi, ameambiwa na kijana wa duka la dawa ambaye yeye mwenyewe hanyanyuki kwenye kiti toka asubuhi. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, tembea haraka, punguza kilo. Kuna sante moja naijua, kituo cha afya, bango la hayo maneno liko ukutani pale watu wanapongojea zamu, wamechora bwana na bibi wamevaa raba nyeupe wanatembea kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, na chini ya bango kwenye benchi unakuta wamama waliofika kwa miguu kutoka Ndosho, mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine ana kapu ambalo akitoka hapo analipeleka soko la Virunga kuuza.

Sina ugomvi na dakika 30, sayansi yake ipo na ni nzito, nitaifikia. Ugomvi wangu ni na maswali, nani aliyauliza na alikuwa anamuangalia mtu wa namna gani. Manake ukisoma vile wakubwa wa utafiti wanapanga mambo ya kuchunguza kuhusu mazoezi na sukari, mengi yanazunguka palepale, tuwatoe vipi watu kwenye kiti. Na hapa kwetu wa kutolewa kwenye kiti wapo, tena wanaongezeka, lakini kuna wengine kibao ambao hicho kiti wanakikalia tu kanisani siku ya Mungu.

Kazi inayonilisha mimi ni ya anketi, nazunguka na tableti nauliza watu mambo ya afya kwa ajili ya miradi inayokuja na kuondoka. Moja ya fomu ambazo nimeuliza sana ni ile ya OMS, shirika la afya la dunia, inayoitwa GPAQ, inapima mtu anatumikisha mwili kiasi gani, imegawanyika kazi, safari na mapumziko, halafu mwisho wanauliza masaa ya kukaa. Yote yanaulizwa kwa "wiki ya kawaida". Sasa kamata tableti yako uende Birere, karibu na bariere ndogo ya mpaka wa Rwanda, umsimamishe mama anayevusha mizigo, umuulize wiki yake ya kawaida ikoje. Mmoja alitua gunia, akapangusa uso na kikwembe, akaniangalia kama mtoto wake vile. "Wiki ya kawaida njo gani, papa? Ile ya risasi ao ile tulikula?" Nikaruka nikaenda kwenye sehemu ya michezo na burudani, unafanyaga michezo yoyote ya kukuchokesha wakati wa kupumzika? Hakujibu, aliwaita wenzake waje wasikie.

Lakini fomu haina tabu, inahesabu. Ukijumlisha yale masaa ya kubeba na kutembea, huyu mama anazipita zile dakika 150 za wiki wanazopendekeza mbali sana, anazimaliza Jumatatu kabla ya saa sita. Na glisemi yake, yaani sukari ya kwenye damu? Juu. Juu kabisa, ile ya kufanya enfirmie arudie kipimo na bandeleti nyingine, kile kikaratasi cha kupimia damu, kuhakikisha. Hapo ndipo swali langu la kwanza linatoka na ningeliweka juu ya mengine yote: kazi ya kubeba inamfanyia nini mtu mwenye sukari? Inamsaidia, haimsaidii, ama inamsaidia upande mmoja na kumharibia mwingine?

Msidhani jibu ni rahisi. Historia yote ya kuamini kwamba mwili ukitembea moyo unapona inaanzia kazini. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitoa utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London, madereva wanaokaa na makondakta wanaopanda na kushuka ngazi siku nzima, wakakuta makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Basi dunia ikasema, haya, kutembea ni dawa. Halafu miaka mingi baadaye wakatokea watafiti wengine, sana sana Wadenmark, wakawafuata watu wa kazi nzito za mikono na wakaona jambo la kushangaza, kwamba mazoezi ya kujipendea yanalinda moyo lakini kazi nzito ya kutwa hailindi hivyo, wakati mwingine inaonekana kama inadhuru. Maelezo yanayotolewa ni mengi: kazi ya kubeba haina mapumziko ya kutosha, presha inakaa juu masaa na masaa, mtu hachagui lini aanze na lini aache. Wengine wanabisha, wanasema ni umaskini wenyewe unaoua na sio mzigo, mimi naona wana hoja. Ila hiyo ni moyo, na ni Ulaya. Kwa sukari, na kwa mama anayebeba makala, yaani mkaa, kilo nyingi kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, ama kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo, anayeshuka na viazi kutoka juu na kurudi anasukuma mti mtupu kwenye mlima, hao ndio ningependa kuona wamepimwa.

Nieleze kidogo kwa nini tunategemea kwamba kutembea kungesaidia. Msuli ukikaa kimya unahitaji insulini ili uingize sukari kutoka kwenye damu. Msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine, ile protini ya kubeba sukari inayoitwa GLUT4 inapanda mpaka kwenye ngozi ya seli hata bila insulini kuiita, na baada ya zoezi kuisha mwili unabaki unasikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja mpaka tatu hivi. Si jambo jipya. Insulini yenyewe iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na 1926 dokta wa Uingereza R. D. Lawrence, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa sukari, alikuwa ameshaandika kwamba mazoezi yanaongeza nguvu ya insulini. Karibu miaka mia moja tunajua.

Halafu zikaja tafiti kubwa za kuzuia. Da Qing, China, ilianza 1986 na watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuyumba, wakafuatwa miaka 6: kati ya walioachwa hivihivi karibu 68 kwa 100 walipata ugonjwa, kati ya waliopewa mazoezi peke yake kama 41. Finland wakatoa yao 2001, Marekani 2002 kwa watu 3,234, na zote mbili zikakuta kubadili maisha, yaani chakula, mazoezi na kupunguza uzito, kunapunguza hatari kwa asilimia 58, huko Marekani dawa ya metformini ilipunguza 31. Hizi namba ndizo ziko nyuma ya lile bango la ukutani. Na ni namba nzuri, sizidharau hata kidogo.

Lakini angalia waliohesabiwa. Wa Finland na wa Marekani walikuwa watu wanene, ndiyo ilikuwa sharti la kuingia. Kwetu unene upo, nenda Himbi, nenda kwenye maofisi, angalia sisi wa harusi na bia mbili tatu. Lakini panga foleni siku ya wagonjwa wa sukari uone wale wembamba. Wembamba kabisa, mashavu yameingia, na wanaambiwa maneno yaleyale, tembea, punguza kilo. Kilo gani? Kwa mama wa hivyo kukonda zaidi si afya, na mtaani wanaanza kunong'ona juu ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2025 shirika la kimataifa la kisukari, IDF, lilikubali rasmi kuita sukari inayotokana na utapiamlo aina ya 5, kitu ambacho madokta wa nchi za joto walikuwa wanakisema miaka na miaka bila kusikilizwa. Hapa Kivu jambo hili si la mbali, kule Lwiro, Sud-Kivu, watafiti wamewafuata watu wazima waliolazwa kwa utapiamlo mkali wakiwa watoto kuona miili yao imekuaje. Sasa mtu aliyekua na njaa, kongosho lake lilijengeka na njaa, msuli wake ni mdogo, mazoezi gani yanamfaa? Mimi nahisi ni yale ya kujenga msuli, ya nguvu, pamoja na chakula cha protini, sio ya kumkimbiza. Kuhisi kwangu hakuna kazi lakini, kunatakiwa kupimwa. Hilo ni la pili.

La tatu ni miguu, na hapa nitakaa kidogo.

Goma imejengwa juu ya volkano. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilishuka ikapita katikati ya mji, na mtaa mwingi tunaokaa leo umepandishwa juu ya ile lava iliyopoa, kuta za mabwe, msingi wa mabwe, njia ya mabwe. Barabara kubwa zina lami, ila kutoka kwenye lami mpaka mlangoni kwako unatembea juu ya mawe meusi yenye meno, na mvua ikinyesha vumbi linaondoka meno yanabaki. Mgonjwa wa sukari wa muda mrefu anapata ganzi, mishipa ya fahamu ya miguu inakufa polepole, hasikii moto, hasikii msumari. Mama mukubwa wangu ana sukari ya siku nyingi, na siku moja binti yake alikuwa anafuta nyumba akaona alama za damu kwenye simenti, moja baada ya nyingine, zinatoka mlangoni zinaenda mpaka jikoni. Mama mukubwa alikuwa anasonga fufu, anaimba. Kipande cha bwe kilikuwa kimetoboa kamambili, yaani ndala, kikaingia kwenye nyama ya chini ya kidole kikubwa, na alikuwa amekitembelea nacho kutoka sokoni. Tulikitoa, kilikuwa kama ukucha wa mtoto. Kidonda kilichukua miezi.

Zamani wagonjwa wenye ganzi walikuwa wanakatazwa mazoezi ya kusimama na kutembea, waambiwe waogelee ama waendeshe baiskeli ya ndani. Kisha 2008 Marekani ukatoka utafiti mdogo, watu 79 wenye ganzi ya miguu, nusu wakawekwa kwenye mpango wa kutembea na kuimarisha miguu, na vidonda havikuongezeka kwao kuliko kwa wenzao. Ushauri ukalegea, wakaruhusiwa kutembea. Vizuri. Ila wote walikuwa wanafundishwa kukagua miguu na kuangaliwa, na wala hawakuwa wanatembea Katoyi na kamambili. Hilo jibu la 2008 siwezi kulichukua nikampa mama mukubwa. Nataka mtu achukue wagonjwa wa hapa, awapime na ule uzi wa nailoni wa gramu 10 wanaokugusisha chini ya unyayo kujua kama unasikia, awape nusu yao viatu vya soli ngumu vilivyoshonwa na mafundi wetu wa viatu wa mjini, sio viatu vya kuagiza Ulaya kwa bei ya mbuzi watatu, na ahesabu vidonda. Utafiti wa soli ya kiatu! Hautashinda tuzo yoyote. Lakini kabla sijamuambia mtu atembee dakika 30 nataka kujua anatembelea nini.

Kuna jambo la masaa pia. New Zealand, mwaka 2016, walichukua watu 41 wenye sukari aina ya 2, ile ya wengi, wakati mmoja wakawaambia watembee dakika 30 saa yoyote ile, wakati mwingine watembee dakika 10 baada ya kila chakula. Kutembea baada ya chakula kulishinda, sukari baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12, na baada ya chakula cha jioni kwa asilimia 22. Ukisikia hivi unaona imetengenezwa kwa ajili yetu, sisi ambao chakula kikubwa ni cha jioni, fufu mlima, sombe, visamaki vya sambaza kama vipo, halafu mtu analala. Basi tembea baada ya kula jioni. Wapi? Giza likiingia Goma kila mtu anataka kuwa nyuma ya mlango wake, na toka vita ilipoingia mjini mwanzo wa 2025 ndio kabisa, hakuna mke wa mtu atakayetoka saa mbili usiku kuzunguka mtaani eti dokta amesema. Kwa hiyo swali linakuwa, ndani ya nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa, baada ya fufu, mtu afanye nini? Australia walijaribu, nao 2016, watu wanaokaa muda mrefu wakaamshwa kila nusu saa kwa dakika 3, watembee polepole ama wafanye mazoezi mepesi palepale walipo, kuchuchumaa nusu, kunyanyua visigino, na sukari yao baada ya kula ikashuka vizuri. Visigino unanyanyua hata ukiwa unaosha masahani. Na sisi tunacheza muziki, jamani, Mkongomani hahitaji kufundishwa kutikisa kiuno, weka rumba dakika 10 baada ya kula upime glisemi saa moja baadaye. Natania nusu tu.

Nimeuliza wagonjwa wenyewe, nje ya fomu, tableti nimeizima, wao wangependa watafiti wawatafutie nini. Nilitegemea waseme dawa ya kumaliza ugonjwa, na wako waliosema hivyo, kama vile Uingereza walivyosema. Kule kuna utaratibu wa James Lind Alliance, ulianza 2004, wagonjwa na walezi na madokta wanakaa meza moja wanapanga maswali kumi ya kwanza ambayo utafiti uyashughulikie, na ya sukari aina ya 2 ilipotoka 2017 namba moja ilikuwa kama ugonjwa unaweza kupona ama kurudishwa nyuma. Binadamu ni wamoja. Lakini lililonikamata ni lingine, wamama wa kubeba walilirudia rudia kwa namna mbalimbali, na mimi sikuwa nimeliwaza: siku sijakula, nameza kinini (kidonge cha sukari) ao simezi?

Fikiria. Dawa inayopatikana kwa urahisi na kwa bei ya chini hapa ni glibenklamidi. Hii inalikamua kongosho litoe insulini, uwe umekula ama hujakula, haijali. OMS wenyewe wanasema haifai kwa waliopita miaka 60, lakini ndiyo iko dukani. Mama anameza asubuhi kama alivyoandikiwa, anaondoka na chai bila mkate ju hela ya mkate itatokana na mzigo wa kwanza, anabeba, msuli unavuta sukari, kidonge kinasukuma insulini, saa tano anatetemeka, jasho la baridi, macho yanaona mbili mbili, wenzake wanasema ni pepo ama ni jua. Sukari imeshuka chini ya 70 (mg/dL). Akipata vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, angoje robo saa, anarudi. Asipopata anaanguka na gunia lake. Na baada ya kuanguka mara moja anafanya nini? Anaacha kidonge. Anaacha kabisa, halafu sisi wa fomu tunaandika kwamba hafuati matibabu.

Tafiti za watu wanaofunga zipo. EPIDIAR ilipita nchi 13 na kutoka 2004, ikaonyesha sukari kushuka vibaya kunaongezeka sana mwezi wa Ramadhani, na ndipo ikawezekana kupanga ushauri wa dozi, meza hiki futari, punguza kile daku. Lakini anayefunga Ramadhani anajua saa ya kula. Huyu wa Birere hajui kama leo atakula. Kwa mtu wa hivyo zoezi na dawa na njaa ni kitu kimoja, huwezi kuleta utafiti wa mazoezi peke yake ukaacha vile viwili nje, na zile fomu zetu zinauliza kila kimoja kwenye ukurasa wake, mazoezi ukurasa wa 4, dawa ukurasa wa 7.

Nikalinganisha orodha yangu na yao nikaona la kwao liende mbele ya langu, la kinini siku ya mzigo. Halihitaji mashine kubwa. Linahitaji wamama waliokubali, glikometa, yaani kimashine cha kupimia sukari, pima kabla ya kubeba, pima saa tano, pima jioni, daftari la kuandika walikula nini na walibeba nini, halafu dokta mwenye ujasiri wa kulinganisha: meza asubuhi, dhidi ya meza na chakula cha kwanza hata kama ni saa nane, dhidi ya kubadili dawa kabisa wapewe metformini peke yake, ambayo yenyewe kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi hivyo. Na kila mshiriki awe na kifuko cha sukari kwenye kikwembe, hilo lisijadiliwe.

Kitu kitakachokula bajeti ni bandeleti. Miradi mingi inaleta glikometa za aina ambayo bandeleti zake hazipatikani mjini, mradi ukiisha mashine inabaki kwenye kabati pamoja na redio iliyokufa. Kwa hiyo nikiombwa maoni, na siku hizi wanatuombaga, nasema kabla ya kununua chochote mpite maduka ya dawa ya Goma muone bandeleti gani inauzwa humu mwaka mzima na kwa bei gani, ndipo mchague mashine. Mmoja wa wakubwa alinijibu kwamba hilo ni suala la lojistiki, sio la sayansi. Nikamuacha, ila kwenye ripoti nililiandika ukurasa wa kwanza.